Harufu Iliyotangulia Taa

Nikisikia harufu ya oili iliyoungua, hata leo kichwa kikiwa na mvi, shingo yangu hugeuka yenyewe kumtafuta Baba. Majuzi ilinikuta ndani ya basi, tukipanda mlima nyuma ya lori kuukuu lililokuwa likikohoa moshi. Abiria wenzangu walifunga madirisha na kuziba pua kwa vitambaa. Mimi nilifungua langu, nikavuta pumzi ndefu, na dada aliyeketi kando yangu akaniangalia kama mtu aliyepungukiwa.

Nisingeweza kumweleza katika safari fupi kama ile. Naandika hapa basi, kwa ajili ya wenzangu wa rika waliokulia kwenye barabara za vumbi, wanaokumbuka kwamba gari moja kijijini lilikuwa kama ndugu wa ukoo: lilijulikana kwa sauti kabla halijaonekana, na likiugua kila mtu aliuliza hali yake.

Tuliishi Mbingu, milima ya Udzungwa mgongoni mwetu na mashamba ya mpunga mbele yetu hadi macho yachoke. Baba alikuwa na pikapu ya dizeli, kijani iliyokwisha pauka, aliyoinunua ikiwa tayari imezeeka mikononi mwa watu wengine. Alibeba mpunga wa wanakijiji kwenda kukobolewa Ifakara, akarudi na chumvi, sabuni, mabati, na mara nyingine mgonjwa aliyeruhusiwa kurudi nyumbani. Alikuwa na koti moja la kaki ambalo Mama aliacha kulifua kwa sababu halikutakata tena. Lilinuka oili iliyodondokea kwenye vyuma vya moto, harufu chungu na nzito, kama maharage yaliyoungulia chunguni. Kila jioni niliingiza uso wangu ndani ya koti lile. Kwangu haikuwa harufu ya gari. Ilikuwa harufu ya Baba.

Nilikuwa darasa la tatu homa ilipompanda Baba kichwani. Aliugua siku tatu, ya nne tukawa tunapokea watu wa msiba. Siku ya maziko Bibi, mama yake Baba, alinishika mabega akaniambia nisilie sana, kwani baba yangu hajaenda mbali, yuko karibu nasi tu. Alisema kama watu wazima wanavyosema. Mimi nilisikia kama mtoto anavyosikia, nikaanza kumtafuta hapo karibu.

Wengi walidhani pikapu ingesimama nyuma ya nyumba mpaka kuku waifanye banda. Hawakujua kwamba Baba alikuwa amemfundisha Mama kuendesha, kwenye mashamba yaliyokwisha vunwa, ardhi ikiwa ngumu na mabua yakivunjika chini ya magurudumu, watoto wa kijiji wakikimbia nyuma na kucheka. Baada ya misa ya arobaini Mama alichukua ufunguo uliokuwa umetundikwa kwenye msumari, akajifunga kitenge kiunoni, akaniweka katikati ya kiti, akawasha. Hakutangaza chochote. Wiki ile ile alibeba magunia ya watu watatu kwenda Ifakara, na watu watatu wale wakawaambia wengine.

Nafasi yangu ilikuwa pale katikati, kando ya mti wa gia, ambapo sakafu ilikuwa imetoboka kwa kutu. Kupitia tundu lile niliona barabara ikikimbia chini ya miguu yangu. Na siku moja katika kiangazi kile cha kwanza bila Baba, kupitia tundu lile lile, harufu ya koti lake ilipanda ikanifikia usoni.

Sikushtuka. Nilifurahi mpaka nikabana midomo nisicheke. Mama alikuwa dirishani, upepo ukimpiga, hakusikia kitu. Nikaelewa kwamba Baba amekuja kwa ajili yangu peke yangu, na kwamba jambo kama lile likisemwa huharibika.

Akawa anakuja mara kwa mara. Alikuwa na desturi zake, nami nikazijua. Alikuja zaidi mchana wa jua kali. Alikuja zaidi tukiwa tunarudi. Na kulikuwa na jambo moja lililonithibitishia kwamba ni yeye kweli. Karibu na kijiji chetu barabara ilikatizwa na kijito kitokacho mlimani, juu yake daraja la magogo. Gari tupu lilipita darajani. Gari lenye mzigo halikuthubutu, liliteremka kando likakata maji yaliyofika nusu ya gurudumu. Baba alizaliwa juu kwenye milima ya Mahenge, hakujua kuogelea, na kila alipoteremsha gari majini alinyamaza na kufanya ishara ya msalaba. Basi niliona wazi: tukipita majini harufu haikuja, hata tufike Ifakara. Tukipita darajani ilikuja. Niliona ni haki yake. Marehemu naye ana hofu zake.

Nyuma ya harufu, lakini, ilifuata taa. Kwenye dashibodi palikuwa na taa ndogo nyekundu yenye picha ambayo niliiita birika, kwa sababu ilifanana kabisa na birika la chai linalodondosha tone. Mwanzoni iliwaka pale tu Mama aliposimamisha gari huku injini inanguruma taratibu. Kisha ikaanza kuwaka hata tukiwa tunatembea polepole. Mama aliitazama birika ile kama mtu anavyomtazama mgeni anayejua amekuja na habari mbaya. Alizima injini, akasubiri, akafungua boneti, akavuta kijiti cha kupimia oili. Kiwango kilikuwa sawa. Lakini ile oili ilikuwa nyeusi, nyepesi kama maji, na alipoisugua baina ya vidole haikuwa na utelezi.

Mwisho wa subira ya gari lenyewe ulifika mchana mmoja tukirudi kutoka Ifakara, nje kidogo ya kijiji. Birika iliwaka ikakaa imewaka. Injini ikaanza kunoki, kama mtu anayegonga sufuria kwa kijiko akiwa ndani ya pipa, nguvu ikaisha, Mama akazima haraka. Tulivutwa mpaka nyumbani na ng'ombe. Mwenye ng'ombe alikuwa jirani yetu, Baba Nkwimba, Msukuma aliyehamia bondeni na mifugo yake miaka michache nyuma, mtu mrefu mwenye kujua kutengeneza majembe ya kukokotwa na mikokoteni. Alimwita Mama “mayu,” kama wanavyowaita akina mama kwao. Alifunga mnyororo bila kusema lolote la kuumiza. Waliobaki walisema. Njia nzima nilisikia watu wakiulizana kama kweli gari la marehemu sasa linaenda kwa fimbo.

Wakati ule habari zilisafiri na makondakta wa mabasi, na zilisafiri haraka. Siku ya pili Baba Mkubwa alifika kutoka Katindiuka, pembeni mwa Ifakara. Alikuwa kaka mkubwa wa Baba, mkulima, mtu wa sauti ya chini. Nataka kumtendea haki: hakuwa mtu mbaya, na siku ya maziko ndiye aliyelia mpaka akashikiliwa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipapasa kichwa. Kisha akalizunguka gari mara moja, akaketi barazani, akakubali maji ya kunywa, akasema alichokuja kusema.

“Shemeji, hili gari linakufa mikononi mwako. Niachie mimi kabla halijawa vyuma chakavu. Ni kitu pekee mdogo wangu alichoacha.”

Mama alikuwa amesimama. Alijibu kwamba Baba aliacha pia mke na mtoto, na wanakula kutokana na gari lile. Kisha akasema, “Nipe wiki mbili. Nikishindwa kujua linaumwa nini, njoo na dereva ulichukue. Ufunguo nitakukabidhi kwa mkono wangu.”

Baba Mkubwa alirudisha kikombe cha maji. Akasema wiki mbili ni sawa, akamshukuru kwa maji, akaenda kusubiri basi.

Tangu siku ile Mama alibadilika kuwa mtu ambaye mfano wake sijawahi kuuona tena kwa yeyote, na nimefanya kazi na watu wengi hodari. Hakuwa na haraka na hakuwa na mapumziko. Kwanza alilipoza gari siku nzima, akamwaga oili yote kwenye karai kupitia tundu dogo la chini, akabadilisha chujio lake, akatia mpya, akaliendesha taratibu mpaka kwa fundi mmoja pale Ifakara aliyesifiwa na madereva. Fundi alisikiliza injini, akauliza mwenye gari yuko wapi. Mama akamwambia ndiye huyu unayeongea naye. Fundi akahamishia macho kwenye boneti na hakuyarudisha tena. Alisema vyuma vya ndani vimelika, injini ifunguliwe yote, na kwamba tatizo kubwa ni mzigo, kwani akina mama hawajui kusema hapana kwa gunia la ziada.

Mama alimshukuru, akafunga boneti. Njiani alikuwa akisema na kioo cha mbele. Vyuma vikilika, alisema, injini inanoki hata asubuhi ikiwa baridi. Hii asubuhi iko salama. Na kama ni mzigo, mbona ninapokwenda na magunia birika haiwaki, nikirudi mtupu ndiyo inawaka? Tulikuwa tumepita majini asubuhi ile na magunia machache ya watu, na sasa tulikuwa tunarudi watupu. Kabla hatujafika darajani harufu ilikwisha nifikia, ingawa oili ilikuwa mpya. Nilikaza macho kwenye tundu la sakafu nikakaa kimya.

Alichukua tatizo kama mtu anayepembua mchele, punje kwa punje. Alijaribu kitu kimoja tu kwa siku, kwa sababu alisema ukirekebisha vitatu kwa pamoja hutajua kipi kilikuwa na kosa. Siku moja alisafisha rejeta inayopoza maji ya injini, akitoa kwa uti wa unyoya wa kuku makapi ya mpunga na nzige waliokauka ndani yake. Tukaenda na kurudi. Birika ikawaka. Siku nyingine alikaza mkanda wa feni mpaka ukalia ukipigwa kidole. Birika ikawaka. Alipandisha kila gurudumu kwa jeki akalizungusha kwa mkono, asije akawa na breki inayokaba na kuichosha injini. Yote yalizunguka huru. Kilichomuudhi kuliko vyote ni ule mshale wa joto la maji. Ulisimama katikati, hautikisiki. Maji yalikuwa mazima kabisa, hayachemki, na oili iliyo kwenye injini ile ile moja ilikuwa ikiungua. Watu wawili kwenye nyumba moja, alisema, mmoja anaoga na mwingine anachomwa moto. Alilisema hilo mara nyingi, na kila alipolisema nilizidi kushuku kwamba anachokitafuta ni Baba.

Hilo ndilo lililonitesa wiki zile mbili. Sikuwa mtoto mjinga. Nilikuwa nimeshaona kwamba harufu hutangulia na taa hufuata. Niliona pia kwamba Mama akipata dawa ya taa, harufu itaondoka nayo. Niliomba kwa Mungu afanye taa izime na Baba abaki. Nilipiga magoti kanisani Jumapili nikaomba hivyo kwa maneno yale yale, nikidhani nimelipanga jambo vizuri.

Siku ya kumi na moja Mama alirudi kutoka majaribio yake peke yake, mimi nikiwa nimetoka shule. Niliona anashuka akishikilia mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto. Alikuwa amesimama njiani, akafungua boneti, akapapasa ubavu wa injini kutafuta ni wapi joto linaanzia, akashika mahali pabaya. Kiganja chote kilikuwa kimevimba, ngozi ikiwa nyeupe na kung'aa. Nilikata shubiri nyuma ya jiko nikampaka ute wake taratibu, naye akaketi kwenye bampa, macho yakiwa kwenye gari, akiniambia kesho atajaribu kupunguza mwendo.

Nilikuwa nimemshika mkono wake ulioungua, na nilijua harufu ile huanzia wapi na lini. Nilijua tangu zamani. Nikaanza kulia, akadhani ninalilia kiganja.

Nilimwambia. Sikumbuki nilianzaje. Nakumbuka nilisema Baba huwa anakuja kwenye gari, anapandia kwenye lile tundu la miguuni, na kwamba nisamehewe kwa kuwa nilificha. Mama hakucheka, na hakunikemea. Alisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza habari za shule, “Huwa anakuja wakati gani?”

“Kabla ya birika. Birika inachelewa.”

“Kila safari?”

“Tukipita darajani anakuja. Tukipita majini haji, hata tukifika Ifakara. Anaogopa maji.”

Mama alirudia maneno yale polepole. Tukipita majini haji. Tukienda na mzigo tunapita majini. Tukirudi watupu tunapita darajani. Nikaona uso wake ukibadilika. Hakutabasamu. Ulikuwa uso wa mtu aliyekuwa akitafuta sindano kwenye mkeka na sasa imemchoma kidole. Aliniuliza maji ya kijito yanagusa nini kwenye gari. Nikasema magurudumu. Akaniuliza na nini tena. Nikasema tumbo.

Alitandika mkeka chini ya gari akalala chali, kiganja chake kikiwa kimefungwa kitambaa. Chini ya injini kuna bakuli la chuma ambamo oili yote hukaa, mafundi huliita sampu, na sampu hupozwa na upepo wa safari. Yetu haikuonekana. Msimu wa mwisho wa uhai wake Baba aliligonga lile bakuli kwenye kisiki akitokea Mngeta, likapasuka, akalala porini. Aliporudi alilifungia bati nene kwa bolti chini yake kama ngao, akaacha tundu dogo tu la kumwagia oili. Kwa kuwa tundu lilikuwepo, hakuna aliyewahi kuwa na sababu ya kulifungua lile bati. Wala Mama, wala fundi.

Bolti zilikuwa zimeshikana kwa kutu. Mama alivuta spana kwa mkono wa kushoto mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Nilikimbia kumwita Baba Nkwimba. Alikuja na nyundo na tindo, akalala upande wa pili, wakagonga kwa zamu, na bolti ya nne ilipotoka bati likainama, kisha likaanguka lote kwa kishindo pamoja na kile lililokuwa limekibeba.

Lilikuwa tofali. Sijui neno lingine. Tope la mashambani lilikuwa likiingia kwa mbele na kunasa juu ya ile ngao, pamoja na mabua, makapi na nyasi, likakauka, likaongezeka, likakauka tena, mpaka likalizunguka bakuli la oili pande zote bila kuacha hata nafasi ya kupitisha unyasi. Juu yake palikuwa na umbo la sampu limechapika kama mtoto aliyelala kwenye udongo. Sehemu ya ndani ilikuwa nyeusi, na mabua yalikuwa yameungua. Harufu ikafunguka uani kote, ile ile ya koti, kali kuliko nilivyowahi kuisikia. Nilisimama katikati yake nikijua naisikia kwa mara ya mwisho.

Baba Nkwimba alikipiga kile kidongo kwa kisigino kikapasuka vipande. Akasema, “Mayu, ulimfunga ng'ombe blanketi ukampeleka kulima jua la saa sita.” Na kila alipopita majini, Mama akaongeza, blanketi lililowa akapata nafuu. Wakatazamana wakiwa bado wamekaa chini, nyuso zao nyeusi kwa masizi, wakaanza kucheka kwa uchovu.

Nilipouliza kama Baba ataweza kuja tena, Mama aliacha kucheka. Angeweza kunidanganya, watu wengi wangenidanganya kwa upendo. Alisema, “Sijui, mwanangu. Ninachojua ni kwamba hii ilikuwa oili inaungua, na wewe ulijua mapema kuliko sisi wote.”

Baba Nkwimba alitaka kulitupa lile bati. Mama alikataa. Alilisimamisha ukutani akalitazama, akaonyesha mahali kisiki kingine kilipoligonga baadaye na kuliacha na bonyeo, ambapo pasipo bati kingelitoboa bakuli. Alisema aliyelitengeneza hakukosea, ila hakumaliza. Siku iliyofuata walilipasha moto kwenye makaa, Baba Nkwimba akalitoboa kwa tindo matundu mengi makubwa ya kupitisha hewa na kudondosha tope. Walipolirudisha waliweka nati nene kwenye kila bolti ili lining'inie mbali na bakuli, na upande wa mbele wakalikunja lielekee chini. Mama akabadilisha oili tena.

Baba Mkubwa alifika siku aliyosema, na dereva kijana nyuma yake. Mama alimwambia amepata ugonjwa, akamweleza yote, akamwonyesha vipande vya tope. Baba Mkubwa alisikiliza, lakini alikuwa mtu wa kuamini anachokiona kwa macho. Ndipo Mama akasema maneno ambayo sikuyategemea.

“Twende Katindiuka sasa hivi, saa saba hii. Tutapita darajani, hatutagusa maji. Taa ikiwaka, gari litabaki kwako. Mimi na mwanangu tutarudi kwa basi.”

Dereva kijana alipanda nyuma. Sisi watatu tulikaa mbele, Baba Mkubwa dirishani, mimi katikati, miguu yangu kando ya tundu. Jua lilikuwa limewaka mpaka barabara mbele yetu ikaonekana kama inatiririka. Mama hakuendesha kwa kubembeleza. Alikimbia palipokimbilika, akapanda kwa gia ndogo palipopandwa kwa gia ndogo, kama siku yoyote ya kazi. Baba Mkubwa hakuondoa macho kwenye birika. Mimi sikuitazama. Nilikuwa nimeinamia lile tundu, navuta hewa. Tulivuka daraja. Likaja vumbi, ikaja harufu ya majani yaliyochomwa shambani kwa mtu, ikaja harufu ya mavi ya ng'ombe. Tulipita mahali pote alipozoea kuja. Sikupata kitu. Nilikuwa nataka kwa moyo wangu wote taa isiwake, na wakati huo huo machozi yalikuwa yakidondokea barabarani kupitia sakafu, nikiwa nimeinama ili Baba Mkubwa asiyaone. Mama aliondoa mkono wake mbaya kwenye usukani, akauweka mgongoni kwangu kidogo, akaurudisha.

Katindiuka aliegesha mbele ya nyumba ya Baba Mkubwa na hakuzima injini. Ikabaki inanguruma taratibu, pale pale ambapo siku zote birika ilikuwa ikiwaka. Mke wa Baba Mkubwa alitoka kutukaribisha, akaona tulivyokaa, akarudi mlangoni. Tulikaa vile mpaka kuku waliokuwa wamekimbia gari wakarejea kudonoa chini yake. Taa haikuwaka.

Baba Mkubwa alishuka. Alikwenda mbele, akachuchumaa, akainamisha kichwa mpaka karibu kugusa ardhi, akatazama yale matundu kwa muda. Kisha akaingia ndani ya nyumba. Aliporudi alikuwa na bahasha, ndani yake kadi ya gari, ambayo aliichukua siku ya matanga akisema aitunze kwanza. Alimpa Mama kupitia dirishani kwa mikono miwili. Alisema mdogo wake alikuwa fundi hodari, ila ana mke anayemzidi. Akageuka kumwambia dereva kijana ashuke.

Mama alisema, “Asante, shemeji,” akanipa bahasha niishike, akaingiza gia ya kurudi nyuma.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na magunia sita ya kupeleka mashineni. Kabla ya kuwasha, Mama alifungua boneti, akaniita, akaninyanyua kwa makwapa na kunisimamisha juu ya bampa. Alisema pua yangu imefanya kazi yake, sasa nijifunze macho. Nilivuta kijiti, nikakifuta, nikakirudisha mpaka mwisho kama alivyonielekeza, nikakivuta tena. Oili ilikuwa ya rangi ya asali, nzito, inateleza polepole, na haikunuka kitu.

“Imefika wapi?” aliuliza.

Nikamwambia imefika kwenye alama ya juu.

“Basi panda,” akasema, “tuondoke.”